Kombe: andiko linalonywewa, na maneno yanayolieleza

Msomaji wa Lubumbashi au wa Kisangani akikutana na neno kombe atafikiria kwanza mpira wa miguu, Kombe la Dunia au Kombe la Afrika. Akitafuta katika kamusi atakuta kwamba kombe ni sahani kubwa ya kupakulia chakula, na tena ni gamba la chaza, na tena ni mfupa mpana wa bega. Akiendelea kusoma atafika kwenye maana nyingine isiyofahamika sana kwetu bara, ingawa watu wa pwani huijua tangu utotoni: kombe ni dawa. Aya za Kurani huandikwa ndani ya sahani, maandishi huoshwa kwa maji, na maji hayo hunywewa na mgonjwa.

Makala haya yanaihusu dawa hiyo kama inavyotumiwa Unguja, Pemba na sehemu nyingine za mwambao, pamoja na imani ya Kiislamu inayoitegemeza. Hatukusudii kuthibitisha wala kukanusha kwamba kombe linaponya. Swali hilo lina wenyewe, na mahali pake si katika jarida la lugha. Lililo katika uwezo wetu ni kuuliza ni kitu gani hasa kinachosemekana kuponya. Je, ni maana ya maneno, ni herufi zenyewe, ni mkono wa aliyeandika, au ni Mwenyezi Mungu peke yake bila ya kuhitaji wino? Waislamu wenyewe wamebishana juu ya jambo hili kwa karne nyingi, na Kiswahili kimebeba alama za ubishi huo katika vitenzi vyake vya kila siku.

Tuanze na kazi yenyewe. Mwandishi wa kombe huitwa shehe au mwalimu. Watu wakitaka kumtofautisha na mganga wa mizizi au wa ngoma za pepo, humwita mganga wa kitabu. Hutia udhu kama mtu anayekwenda kusali. Huchukua sahani nyeupe ya kaure, na wino wake ni zafarani iliyolowekwa katika maji, mara nyingi yaliyochanganywa na marashi ya waridi. Kwa kijiti kilichochongwa au kalamu ya mwanzi huandika Bismillahi, kisha aya alizozichagua: Al-Fatiha, Ayat al-Kursi (aya ya 255 ya sura ya pili), sura tatu fupi za mwisho wa msahafu, au aya nyingine zinazolingana na ugonjwa ulioelezwa. Sahani ikijaa, humimina maji na kuyazungusha polepole mpaka mistari ivunjike, herufi zielee, na mwisho pabaki maji ya rangi ya manjano au ya machungwa yasiyosomeka tena. Maji hayo hutiwa katika chupa, na mgonjwa hupewa kipimo: asubuhi na jioni, kwa siku tatu au saba, kadiri atakavyoambiwa. Mengine huogwa au hupakwa mwilini. Wengine huandika juu ya karatasi, wakaikunja na kuitumbukiza katika chupa. Njia hiyo ni nyepesi zaidi kwa mgonjwa anayetoka mbali.

Wino huu haukuchaguliwa ovyo. Zafarani ni nyuzi nyekundu zilizomo ndani ya ua, na gramu moja ya nyuzi hizo zikikauka huhitaji maua yapatayo 150. Ni kiungo cha chakula, chenye harufu nzuri, kisicho najisi wala sumu, na rangi yake huyeyuka kabisa katika maji. Wino wa dukani haufai: haunyweki, na baadhi yake hung'ang'ania sahani. Lakini zafarani halisi ni ghali mno, hivyo mara nyingi hutumika unga wa rangi ya chakula, nao sokoni huitwa zafarani vilevile. Wenye kuandika hawaoni tatizo kubwa katika badiliko hilo, na hapo tayari tumepata jibu moja dogo kwa swali letu: nguvu haikai katika zafarani. Mmea huo si dawa hapa kama mizizi ilivyo dawa kwa mganga mwingine. Ni chombo cha kubebea herufi, na sharti lake kubwa ni kwamba iweze kuziachia.

Desturi hii si ya Waswahili peke yao. Inapatikana karibu kila mahali katika Afrika ambako Kurani ilifundishwa kwa ubao. Kinachotofautiana ni jina, na kwa mwanafunzi wa lugha majina hayo yana mafunzo mengi. Wahausa huiita rubutu, yaani "maandishi", nao husema kunywa maandishi. Katika Sudan huitwa mihaya, kutokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kufuta. Mtaalamu Abdullahi Osman El-Tom aliichunguza miongoni mwa Waberti wa Darfur na kuandika juu yake mwaka 1985. Waswahili wameiita kwa jina la sahani. Basi kitendo kilekile kimetajwa mara tatu, katika hatua tatu zinazofuatana: Mhausa ametaja kuandika, Msudani ametaja kufuta, Mswahili ametaja chombo kinachopokea yote mawili. Hatupendi kujenga falsafa nzima juu ya jina moja, maana majina huzaliwa kwa bahati pia. Hata hivyo, jina la Kisudani linasema waziwazi jambo ambalo majina mengine mawili yanalificha, nalo ni kwamba andiko hili haliponyi mpaka lifutwe. Barua hutimiza kazi yake ikisomwa. Kombe hutimiza kazi yake likiwa halisomeki tena.

Tuviangalie sasa vitenzi. Mtu wa Unguja hasemi kwamba amesoma Kurani ili apone, husema amesomewa. Kauli hii ya kutendewa, kusomewa, inamweka mgonjwa pale anaponufaika na kitendo bila ya kukitenda. Mtoto aliye chuoni anasomeshwa, kwa kauli ya kutendesha, kwa sababu anatakiwa naye asome; mgonjwa anasomewa, na hapana anayemdai aelewe. Hata maji husomewa: mwalimu hushika bilauri karibu na mdomo, akasoma, akapuliza, na maji hayo yakawa dawa. Vivyo hivyo husemwa kwamba fulani ameandikiwa kombe. Lakini mtu huyohuyo akitoka hospitali atasema daktari ameniandikia dawa. Kitenzi ni kimoja, na tofauti iko katika mwisho wa karatasi. Karatasi ya daktari hupelekwa kwa muuza dawa, naye huibadilisha kwa vidonge. Andiko la kwanza halina kazi tena. Karatasi ya mwalimu haibadilishwi kwa chochote, kwa kuwa yenyewe ndiyo kidonge.

Hapa msomaji wa Kongo atalinganisha mwenyewe na yale anayoyaona kwao. Katika makanisa yetu ya maombi mgonjwa huombewa. Anayeombewa na anayesomewa wote wako katika kauli moja ya kitenzi, ila maneno ya maombi hubuniwa na mwombaji kwa lugha anayoijua mgonjwa, na nguvu yake hutegemea sana imani ya wote wawili. Maneno ya kisomo yamekwisha kuwekwa, hayaongezwi wala kupunguzwa, na lugha yake ni Kiarabu hata kama ndani ya nyumba nzima hakuna aelewaye Kiarabu. Maji nayo tunayafahamu: maji ya Nkamba kwa wafuasi wa Simon Kimbangu, na yale "Mai Mulele" ya wapiganaji wa Simba mwaka 1964, walioyaamini kuwa yatawakinga na risasi. Lakini maji hayo hayakupitia kalamu. Kombe ni dawa ya watu waliozoea kitabu.

Kurani yenyewe inasema nini? Wafasiri na waandishi wa tiba hutaja aya sita zinazoitwa aya za shifaa, yaani za uponyaji: 9:14, 10:57, 16:69, 17:82, 26:80 na 41:44. Ndizo zinazoandikwa mara nyingi katika makombe. Mtu akizisoma kwa makini katika sura zake atashangaa kidogo. Ya kwanza inazungumzia vita, na kinachoponywa ni vifua vya waumini walioudhiwa. Ya pili inazungumzia mawaidha ambayo ni poza kwa yaliyomo vifuani. Ya tatu inahusu nyuki na asali. Ya tano ni maneno ya Nabii Ibrahim akimtaja Mola wake kuwa ndiye anayemponya anapougua. Ni ya nne na ya sita tu zinazosema moja kwa moja kwamba Kurani ni uponyaji kwa wenye kuamini. Aya hizi hazikukusanywa kwa sababu zina habari moja, bali kwa sababu zote zina neno lenye shina moja la Kiarabu, shina la shifaa. Aliyezikusanya alisoma kama mtunga kamusi asomavyo: alifuata neno, akaacha kisa.

Juu ya aya ya 17:82 wanasarufi wa Kiarabu walikuwa na mjadala wao. Aya hiyo inatumia kijineno min, ambacho chaweza kumaanisha "sehemu ya" au "aina ya". Ikiwa ni maana ya kwanza, baadhi tu ya Kurani ni uponyaji, na itabidi mtu ajue ni aya zipi. Ikiwa ni ya pili, Kurani yote ni uponyaji. Ibn al-Qayyim wa Damasko (1292–1350), mwandishi mashuhuri wa tiba ya Mtume, alishika maana ya pili. Waandishi wa makombe hufuata zote mbili bila ya kujisumbua: hukubali kwamba Kurani yote ni shifaa, kisha huchagua aya maalumu kwa kila ugonjwa.

Msingi mwingine ni hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Bukhari. Masahaba kadhaa waliokuwa safarini walifika kwa kabila moja wakanyimwa ukarimu. Mkuu wa kabila hilo akaumwa na mdudu mwenye sumu, na watu wake wakaja kuuliza kama kuna mwenye tiba. Sahaba mmoja akakubali kwa sharti la kulipwa kondoo, akamsomea Al-Fatiha na kumpulizia, na yule mkuu akainuka. Wenzake wakaogopa kugawana malipo mpaka wamuulize Mtume. Mtume akaridhia kitendo chao, akauliza ni nani aliyewajulisha kwamba sura hiyo ni tiba, tena akataka naye atengewe fungu lake. Kisa hiki kina mambo mengi kwa ufupi: mgonjwa hatajwi kuwa Mwislamu, na mponyaji alilipwa. Hata leo mwalimu anayeulizwa kwa nini anapokea ada atajibu kwa kisa hicho. Wengine hukataa neno ada wakasema ni sadaka, na kiasi huachwa kwa mgonjwa. Hata hivyo, wapo wanaotoza sana, na watu wa mwambao huwanong'onezea sifa zisizo nzuri.

Lakini Al-Fatiha katika kisa hicho ilisomwa; haikuandikwa wala haikunywewa. Kutoka kusoma hadi kunywa ni hatua ambayo si wote walioikubali. Katika kizazi cha wanazuoni waliowafuata Masahaba, Mujahid bin Jabr hakuona ubaya Kurani iandikwe, ioshwe na mgonjwa anyweshwe. Ibrahim an-Nakhai, wa zama zilezile, alichukia jambo hilo. Imepokewa kwamba Ahmad bin Hanbal, aliyefariki Baghdad mwaka 855, alikuwa akiandika maneno ya dua na ya Kurani kwa ajili ya mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa uzazi ukawa mgumu. Ibn Taymiyya (1263–1328), ambaye ni mwalimu wa Ibn al-Qayyim, aliruhusu kuandika kwa wino halali, kuosha na kunywa. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa sababu wanamageuzi wa Afrika Mashariki, ambao tangu miaka ya 1980 wamekuwa wakihubiri dhidi ya bidaa na ambao huitwa Ansari Suna, humtegemea sana Ibn Taymiyya. Wengi wao hulikataa kombe na kushikilia ruqya, yaani kisomo tupu juu ya mgonjwa. Shehe wa Unguja anayeshambuliwa na vijana hao ana haki ya kuwauliza wamsome tena imamu wao.

Kwa upande wa hirizi ubishi ni mkali zaidi, na kwa maoni yetu wapingaji wana hoja yenye uzito. Hirizi, kutokana na neno la Kiarabu la kulinda, ni karatasi iliyoandikwa, ikashonwa ndani ya ngozi au kitambaa na kuvaliwa. Andiko lake halifutwi. Humfuata mtu hadi chooni na kitandani, mahali ambapo msahafu haupelekwi. Tena aliyevaa hajui kilichoandikwa ndani, na mara nyingi si aya tu. Humo huwamo majina yasiyojulikana na miraba ya tarakimu inayotoka katika elimu ya herufi iliyohusishwa na al-Buni, mwanazuoni wa karne ya 13. Mraba ulio maarufu kuliko yote una vyumba tisa, wenye tarakimu 1 hadi 9 zilizopangwa ili kila safu ifanye 15. Kwa kuwa kila herufi ya Kiarabu ina thamani ya tarakimu, jina la Hawa linafanya 15 na jina la Adamu linafanya 45, ambayo ndiyo jumla ya mraba wote. Ni hesabu ya kupendeza, na mwenye kuipenda hesabu atakaa nayo jioni nzima. Lakini mbele ya mwanazuoni anayeuliza dalili katika Kurani haisimami.

Kombe liko mbali kidogo na lawama hizo. Linapita mwilini na halibaki. Hakuna cha kuabudu baada ya siku ya saba. Masalio ya maji hayamwagwi katika mfereji wa maji machafu. Hutafutwa mahali pasipokanyagwa, kwa mfano kwenye shina la mti. Adabu hiyo inaonyesha kwamba kwa wenye kulitumia, herufi zilizoyeyuka hazikuacha kuwa herufi za Kurani. Jicho halizioni, lakini heshima yake imebaki.

Lipo neno moja la Kiswahili ambalo linaeleza imani hii vizuri kuliko maelezo yetu, nalo ni kuzingua. Kuzinga ni kuzungusha, kuviringa kitu kukizunguka kingine. Kuzingua ni kinyume chake, kama kufungua kulivyo kinyume cha kufunga na kuziba kunavyofuatwa na kuzibua. Mtu aliyerogwa amezingwa. Mwalimu humzingua kwa kisomo na kombe, na tendo lake huitwa zinguo. Picha iliyomo ndani ya kitenzi hiki inakutana vizuri na sura ya 113, Al-Falaq, inayotaja shari ya wanaopuliza mafundoni. Mapokeo ya Kiislamu yanasimulia kwamba Mtume mwenyewe alifanyiwa sihiri na mtu aitwaye Labid bin al-Aasam, kwa kitu kilichofichwa kisimani. Baadhi ya simulizi hizo zinaongeza kwamba kulikuwa na mafundo kumi na moja, nazo sura za 113 na 114, zenye jumla ya aya kumi na moja, zilifungua fundo moja kwa kila aya. Sihiri ni fundo, na kisomo ni mkono unaofungua. Kiswahili kilikuwa tayari na kiambishi cha kinyume kabla ya Uislamu kufika, kikakitumia kutaja imani mpya. (Vijana wa Dar es Salaam leo wakisema "unazingua" wana maana ya kuwa unasumbua, na wazee hustaajabu jinsi neno la kuponya lilivyogeuzwa kuwa neno la kero.)

Neno azima lina historia ya namna nyingine. Ni la Kiarabu, na shina lake ni la kukata shauri na kuapiza. Kutoka shina hilohilo tumepata azimio, na msomaji anayekumbuka Azimio la Arusha la mwaka 1967 huenda hakufikiria kamwe kwamba jina lake ni ndugu wa azima ya mganga.

Jambo moja linastahili kuzingatiwa zaidi na sisi tunaofundisha Kiswahili. Kurani imetafsiriwa kwa Kiswahili mara kadhaa: na padri Godfrey Dale mwaka 1923, na Waahmadiya mwaka 1953, na Shehe Abdallah Saleh Farsy (1912–1982) mwaka 1969. Kazi ya Farsy ilienea sana mwambao, na lengo lake lilikuwa Mwislamu asiyejua Kiarabu ajue anachoambiwa. Lakini kombe haliandikwi kwa tafsiri. Kwa itikadi ya Kiislamu tafsiri ni maelezo ya Kurani, haihesabiwi kuwa Kurani. Kwa hiyo Mswahili amepata vitabu viwili vinavyogawana kazi: kimoja humpa maana, na kingine humpa shifaa. Anaweza kukisoma cha kwanza bila ya kutia udhu na bila ya kupona. Anaweza kunywa cha pili bila ya kukielewa. Wanamageuzi wanaosisitiza elimu huona aibu katika mgawanyo huo, wakidai kwamba uponyaji unaotajwa katika 10:57 ni wa vifua, yaani wa mioyo inayopotea kwa kutoelewa. Shehe anayeandika makombe hujibu kwamba mtoto mchanga naye huugua, na Mwenyezi Mungu hakumwekea sharti la kufahamu.

Uislamu na Kiswahili viliingia Kongo kwa njia moja, ile ya misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora na Ujiji hadi Nyangwe na Kasongo. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871, Stanley mwaka 1876, na wote waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kukaa. Baada ya vita vya 1892 hadi 1894, vilivyoivunja nguvu ya kina Tippu Tip, Waislamu wa Maniema waliachwa kando ya shule za misheni, na mwalimu wa Kurani akawa kwao mwenye kusoma na kuandika kabla ya karani. Lugha iliendelea kwa njia yake. Neno dawa, ambalo ni la Kiarabu, lilisambaa hadi kwa watu wasiojua lolote la Uislamu. Mkongo hulitumia kwa kwinini, kwa mzizi na kwa hirizi sawasawa. Na katika Kiswahili cha Lubumbashi munganga ndiye daktari wa hospitali pia, wakati pwani mganga na daktari ni watu wawili, na mgonjwa lazima achague aanzie kwa nani.

Uchaguzi huo si wa maneno tu. Tanzania inajua vizuri ugonjwa wa watoto uitwao degedege: homa kali, viungo kukakamaa, macho kupinduka. Mara nyingi ni malaria iliyofika kichwani. Utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba watu waliuhusisha ugonjwa huo na shetani, hivyo mtoto alipelekwa kwanza kwa mganga. Sehemu mbalimbali za nchi hiyo iliaminika pia kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Na kwa kuwa waliofikishwa hospitali walifika wamechelewa, baadhi walikufa kweli, na imani ikapata ushahidi. Katika hali hiyo saa nne za kusomewa ni nyingi mno. Shehe mwenye elimu hapingani na jambo hili, kwa maana hadithi zinamwamrisha mtu ajitibu na kusema kwamba kila ugonjwa umeshushwa na dawa yake. Wako wanaomwandikia mtoto kombe na kumhimiza mama aende hospitali saa ileile. Wako pia wanaomzuia. Tofauti kati ya hao wawili haionekani katika sahani, kwa kuwa aya walizoandika ni zilezile.

Swali la mkono wa mwandishi limepata sura mpya. Tangu zama za kaseti, na sasa kwa simu, visomo vya ruqya hurekodiwa na kuchezwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Baadhi ya wanazuoni wanakubali kwamba kusikiliza kuna faida, lakini wanakataa kukuita kusomewa, kwa sababu mashine haina nia wala pumzi ya kupuliza. Kombe lililochapwa kwa mashine lingeuliza swali hilohilo. Kwa sasa wengi wa wanaokwenda kuandikiwa bado wanataka kumwona mwalimu akiketi, akichovya kijiti katika zafarani, na kuanza kutoka kulia.